Mkwaruzo kwenye Sauti ya Pili

Siku Privatus alipomwona Alistidia kwa mara ya kwanza, mama yule alikuwa anashuka kwenye pikipiki pale Kemondo, amebeba mzigo mgongoni kwa mbeleko ya kitenge, na kila aliyemwona alidhani amebeba mjukuu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Alivaa buti za mpira za kiume, akavuka dimbwi bila kulizunguka, akafika mbele ya kibanda cha Privatus na kumpa mgongo.

"Nipokee taratibu," alisema. "Anaumwa."

Privatus alinyoosha mikono apokee mtoto, akapokea chuma. Ilikuwa amplifaya ya zamani, ya Kijapani, nzito kama jiwe la kusagia, vitufe vyake vimefutwafutwa mpaka vinang'aa. Wanawake waliokuwa wakiuza dagaa ng'ambo ya barabara waliangua kicheko. Privatus aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, lakini macho ya watu yalimchoma vilevile kama yalivyomchoma darasa la saba, na ndiyo maana alichagua kazi ya kuangalia ndani ya redio.

"Fundi, mbona hunitazami? Mwenye mgonjwa ni mimi."

"Nakusikia, mama."

"Hilo ndilo lililonileta. Kutazama hata ndizi zinatazamika."

Alipochukua bisibisi, mama akamshika mkono. "Usiifungue kwanza. Washa, usikilize. Hata daktari huuliza unaumwa wapi kabla ya kupasua."

Alitoa kanda kwenye kikapu, kwaya ya Kilutheri, ya zamani. Privatus akaunganisha deki na spika zake, akawasha. Mama alisimama anatazama ardhi. Kwaya ikaimba. "Hapo," alisema. Baada ya kitambo, "Hapo tena. Sauti ya pili ikipanda. Umesikia?"

Privatus alikuwa na desturi ya kuwaitikia wateja ili waondoke upesi. Siku ile, asijue kwa nini, alisema ukweli. "Sijasikia kitu, mama. Nasikia wanaimba vizuri."

Alistidia akacheka, akaketi kwenye kreti la soda. "Basi wewe ni fundi. Nimetoka Bukoba mjini, mafundi wote wamesikia, na kila mmoja amesikia chake."

Alikaa pale mpaka mchana ukapinda. Privatus aliifungua mashine, akakagua vifaa vyake mguu kwa mguu, akaona kwenye kimoja lehemu imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Akailehemu upya. Kanda ikarudishwa. Mama akatazama ardhi tena, sauti ya pili ikapanda, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetolewa mwiba.

"Ameacha," alisema.

Tangu siku hiyo, kila mara amplifaya ilipougua, Privatus alipanda kwenda Kishanda, kijijini kwake Alistidia, na mara nyingine alikwenda ikiwa nzima. Hakuwa na watu wengi wa kwenda kuwaona. Alistidia alimkaribisha kwa punje za kahawa za kutafuna, akamwambia keti, na hakumlazimisha kuongea. Kidogo kidogo Privatus akamjua.

Alistidia alizaliwa na kuolewa humohumo wilayani Muleba. Mumewe, Nathanieli, alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo iliyokuwa ikitia nanga Kemondo, na katika safari zake alinunua ile amplifaya, na spika mbili kubwa kama makabati. Kijijini walimcheka, maana umeme haukuwapo. Aliendesha mitambo kwa betri za gari, mpaka umeme ulipofika miaka mingi baadaye. Kila Jumapili baada ya ibada alimkalisha mkewe katikati ya spika na kumwambia asifanye kitu chochote, asimenye ndizi, asichambue maharage, asikilize tu. Mwanzoni Alistidia aliona ni uvivu wa mwanamume aliyezoea meli. Baadaye akaanza kusikia: nani kwenye kwaya amechelewa kuvuta pumzi, nani amesogea mbali na kipaza sauti, mlango gani umefungwa nyuma ya wimbo. Yeye mwenyewe aliimba sauti ya pili miaka yote mpaka kifua kikachoka. Watu wengine walifundishwa na waume zao kuendesha baiskeli; yeye alifundishwa kusikiliza.

Nathanieli alipofariki, alizikwa kwenye kibanja, shamba lao la migomba, chini kidogo ya nyumba, na Alistidia akabaki na migomba, kahawa, mbuzi watatu na ile mitambo. Mtoto wao wa pekee aliyekuwa hai, Derick, alikuwa Dar es Salaam, msomi wa mambo ya elektroniki kwenye kampuni ya simu. Alikuwa kijana mwema. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili aliambiwa asubiri wimbo uishe.

Halafu Alistidia akaanguka. Alikuwa anatupia mbolea migomba, akateleza, akaangukia shimo la mbolea, nyonga ikagoma, akalala humo tangu asubuhi mpaka jirani alipopita kutafuta mbuzi wake alasiri. Hakuvunjika. Lakini Derick alipanda ndege siku iliyofuata, na alipofika alikuwa amekwisha amua: mama atahamia Dar es Salaam. Mama naye alikuwa amekwisha amua: hahami.

Katika safari hiyo Derick alileta zawadi. Alikuta amplifaya ya baba yake inatoa moshi mwembamba ikiwashwa, akasema hii itaunguza nyumba, akatoa nyingine kwenye begi, ndogo kama kitabu cha nyimbo, nyeusi, haina hata joto. Alimwita Privatus aje kuifunga.

Waliunganisha, wakaweka kanda. Alistidia aliketi mahali pake, akatazama sakafu ya saruji.

"Nzuri," alisema mwishoni. "Ina nguvu. Ila inakwaruza."

"Inakwaruza wapi, mama?"

"Sauti ya pili ikipanda. Kidogo. Kama kula senene ambazo hazikunyonyolewa vizuri. Tamu, halafu bawa linakubakia kwenye meno."

Derick alicheka kwa upole. Akafungua kompyuta yake, akachomeka waya, akapiga mluzi mmoja mrefu wa kipimo ndani ya mashine, na mstari ukatulia kwenye kioo. "Tazama. Huu ndio uchafu unaoongezwa na mashine kwenye sauti. Asilimia sifuri nukta sifuri sifuri tatu. Ya baba ni asilimia nzima na zaidi. Sikio la binadamu haliwezi kusikia kitu kidogo hivi. Watu wamepimwa."

"Walipimwa watu wa wapi?"

"Watu tu, mama. Wengi."

"Walimpima nani Kishanda?"

"Mama!"

"Nauliza. Maana hapa hawakufika. Na mimi sijui kusoma hicho kioo. Hiyo sifuri yako ndiyo inayonikwaruza."

"Sifuri haikwaruzi! Na hiyo ya baba ndiyo inayopotosha sauti, wewe umeizoea tu. Ukizoea uji wenye chumvi, usio na chumvi unauona mbaya."

"Basi umesema mwenyewe kwamba kuna tofauti, na mimi naisikia."

Derick akaifunga kompyuta. Akamgeukia Privatus. "Fundi, sema wewe. Unasikia?"

Privatus alikuwa amechutama nyuma ya spika akijifanya anakaza waya. Alisikiliza kwa nguvu zake zote. Alisikia kwaya. "Mimi... sisikii," alisema.

"Umeona?"

"Privatus hajawahi kusikia," Alistidia alisema, wala hakukasirika. "Lakini hajawahi kunidanganya pia."

Mabishano yale yangeishia kwenye chai. Lakini Derick alikuwa na hofu ya lile shimo la mbolea, na hofu ikamtoa maneno ambayo hakuyapima. "Mama, tuseme ukweli. Unasikia vitu ambavyo havipo. Jirani anasema unaongea peke yako kibanjani. Ulianguka mahali ambapo umepita maisha yako yote. Nitakuachaje hapa?"

Alistidia alikuwa akiongea na Nathanieli kila jioni akipita kaburini, kama wajane wengi wa huko, na hakuna aliyewahi kuita hilo ugonjwa.

"Vitu ambavyo havipo," alirudia taratibu. "Haya. Tupime. Si mnapenda kupima? Wiki ijayo ni kumbukumbu ya baba yako, ukoo wote utakuwa hapa. Mzifiche mashine zote mbili. Nikishindwa kuzitofautisha, nafunga mzigo, nakufuata Dar es Salaam, na sitalalamika. Nikiweza, usinitajie tena Dar es Salaam mpaka siku ya kunizika."

"Mama, sikutaka tufike huko."

"Umeshafika. Keti unywe chai."

Privatus alirudi Kemondo akiwa mzito. Alijua mtu anayeweka kibanja chake rehani kwa sikio lake ni mtu anayeliamini sikio hilo kuliko miguu yake. Na hakujua kama yeye mwenyewe analiamini.

Siku ya kumbukumbu watu walikuja tangu asubuhi. Wanawake wa ukoo walikuwa wamekata majani kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi, na kuyatandika ndani ya nyumba, mabichi, mazito, mpaka kwenye kuta, kama inavyofanywa huko kwenye shughuli, na watu wakaketi juu yake bega kwa bega. Mchungaji aliongoza ibada, wakaenda kaburini, wakarudi, wakala ndizi na nyama. Ndipo Joackim, mdogo wake marehemu na mkubwa wa ukoo, akapiga makofi.

"Sasa shemeji yangu anataka kusikilizwa akisikiliza. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi!"

Watu wakakohoa wote kwa pamoja, wakacheka.

Privatus alikuwa ametengeneza swichi ya kugeuza, spika zilezile zipokee kutoka mashine hii au ile. Derick alisawazisha sauti kwa kipimo ili moja isizidi nyingine, kazi ya haki kabisa. Mashine na Privatus wakawekwa nyuma ya pazia la kitenge. Privatus alipewa sarafu ya kurusha: picha ikija, awashe ya zamani, namba ikija, mpya. Alipewa pia ungo, apange punje ya kahawa kwa ya zamani na haragwe kwa mpya. Mbele ya pazia Alistidia naye alikuwa na ungo wake, na kahawa na maharage yake. Mwishoni nyungo mbili zitawekwa pamoja.

"Na fundi ukikohoa kunisaidia," Alistidia alisema akiwa ameligeuzia pazia kisogo, "nakuchapa mbele ya mchungaji."

"Akikohoa namtoza mbuzi!" Joackim akaongeza. "Wa kwako, shemeji, maana yeye hana."

Walicheka tena. Kisha kanda ikaanza.

Privatus alirusha sarafu, akageuza swichi, akaweka kahawa. Akarusha, akaweka haragwe. Kila mara alitega sikio wakati sauti ya pili ikipanda, akitamani mara moja tu asikie lile bawa. Kwaya ilikuja laini, imetulia, kama inaimbia ndani ya blanketi. Ya zamani, laini. Mpya, laini. Mbele ya pazia alisikia punje zikianguka kwenye ungo wa mama, mwanzoni haraka, tak, tak, halafu zikaanza kuchelewa. Mara moja Joackim aliuliza, "Shemeji, vipi?" na mama akajibu, "Ngoja kidogo." Privatus hakuwahi kumsikia akisema ngoja.

Angeweza kukohoa. Koo lilimwasha. Hakukohoa.

Nyungo zikawekwa pamoja juu ya majani, na watu wakajisogeza. Kahawa na kahawa, haragwe na haragwe, halafu kahawa na haragwe, haragwe na kahawa. Hakuna aliyehitaji kuhesabu sana. Alipatia nusu, akakosa nusu.

"Nusu ndiyo unayopata hata ukiziba masikio," Derick alisema kwa sauti ndogo, na uso wake haukuwa wa mshindi. Alichuchumaa, akamshika mama yake mikono. "Mama, si kosa lako. Hakuna binadamu angeweza."

Alistidia aliutazama ungo. Akachukua punje moja ya kahawa kutoka kwenye mstari wake, mojawapo ya zile alizokosea, akaitia mdomoni na kuitafuna.

"Nimeshindwa," alisema. "Wote mmeona. Nitafunga mzigo."

Joackim alijaribu utani mmoja, haukuchekwa. Mwanamke mmoja akaanza wimbo wa kuagana, wengine wakaupokea, na sauti ya pili ilikosa mtu.

Privatus alirejea Kishanda siku ya safari, kufungua nyaya zake. Majani yalikuwa yametolewa jana yake, yametupwa chini ya migomba. Viti vimekwenda kwa majirani, mapazia yameshushwa, vitanda vimefunguliwa. Sebule ilibaki saruji tupu na bati, na spika mbili, na hatua zake zilimrudia kutoka ukutani. Nje Derick alikuwa anafunga mizigo kwenye gari la kukodi la kuwapeleka uwanja wa ndege Bukoba. Alikuwa amemwambia Privatus achukue ile mashine ndogo iwe yake, maana Dar es Salaam ana nyingine. Ya zamani Alistidia alikataa isiguswe. Ibaki na Nathanieli, alisema, haijazoea joto la huko.

Kabla ya kukata umeme, Privatus aliwasha mara ya mwisho, bila nia yoyote, kama mtu anayefunga mlango kwa adabu. Mashine mpya. Kwaya ikaanza. Sauti ya pili ikapanda.

Na bawa lilikuwa pale.

Dogo, kavu, juu kabisa ya sauti, likagusa meno yake. Alishtuka. Akageuza swichi kwenye ya zamani: hakuna. Akairudisha kwenye mpya: lipo. Alirudia mara nyingi, kisha akatazama chini, kwenye saruji, akaona vijani viwili vitatu vilivyosahauliwa pembeni, na akaelewa. Au alidhani ameelewa. Mama alikuwa amesikiliza kwenye saruji maisha yake yote. Siku ya kupimwa walimtandikia majani mpaka ukutani na kumjazia watu na mavazi yao, na hakuna hata mmoja, si Derick, si Joackim, si yeye fundi, wala mama mwenyewe, aliyefikiri kwamba majani nayo yana masikio. Shughuli bila majani isingekuwa shughuli.

Alitoka nje mbio. Yeye, ambaye hakuwahi kumsimamisha mtu njiani, alimshika Derick mkono.

"Nimesikia. Ni majani. Kaka Derick, majani yaliumeza mkwaruzo. Njoo usikilize sasa."

Derick alimtazama bila dharau. Aliingia, akasikiliza, swichi ikigeuzwa huku na huku. Akatikisa kichwa. "Sisikii, fundi. Na wewe unajua ipi ni ipi unapogeuza. Ukishajua, sikio linakuletea unachokitaka. Ndiyo sababu tuliweka pazia."

"Basi turudie. Bila majani. Kwa pazia."

"Na nani ataita ukoo tena? Ameshasema mbele ya watu, na unamjua. Na tuseme ameshinda. Lile shimo la mbolea litakuwa limefukiwa?" Aliweka mkono begani kwake. "Ndege haisubiri."

Privatus akarudi kukunja nyaya zake. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na hakika. Labda Derick alisema kweli. Labda alisikia kwa sababu alimpenda mama yule, na alitaka asiende.

Alistidia alirudi Kishanda mara moja tu baada ya hapo, baada ya masika mawili, akiwa ndani ya sanduku, akalazwa ubavuni mwa Nathanieli. Nyumba ilikuwa imefungwa, panya wamekula nyaya, na yale mazungumzo ya sebuleni hakuna aliyeyataja. Miaka hiyo miwili Privatus alikuwa na namba yake ya simu, na mara nyingi aliitoa akaitazama. Hakupiga. Hakujua angesema nini, na ukimya wake haukuwa wa kutumwa kwa simu.

Kwa hiyo yaliyobaki ni ya siku ile ya safari, pale kwenye gari. Alistidia alikuwa amekwisha keti kiti cha nyuma, amevaa kitenge kipya na zile buti za mpira, maana alikataa kuzivua. Privatus aliinama dirishani. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni bila kugeuza macho.

"Mama, waitu, nimeusikia," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Ule mkwaruzo. Ni majani ndiyo yaliyouficha."

Mama hakushangaa. "Najua. Jana walipoyatoa niliwasha, nikausikia."

"Mbona hukusema?"

"Nilishasema mbele ya ukoo nimeshindwa. Leo niseme tena nimeshinda, peke yangu, ndani ya nyumba tupu? Si ndivyo wanavyosema, nasikia vitu ambavyo havipo?"

Dereva akawasha gari. Derick akafunga mlango wa mbele. Alistidia akatoa mkono dirishani, akamwekea Privatus punje chache za kahawa kiganjani, akakifunga kiganja chake kwa vidole vyake vigumu.

"Sasa utakuwa unausikia peke yako," alimwambia. "Pole, mwanangu."